Zamu ya Maji

Ami Muhanna hakuwahi kuvaa saa.
Mchana alipima zamu ya falaji kwa kivuli cha kijiti
kilichochomekwa nyuma ya ngome,
usiku kwa nyota inapochomoza juu ya jabali.
Athari, ndivyo walivyoiita nusu saa ya maji.
Athari moja, mbili. Fungua. Ziba.
Wanaume wenye majambia kiunoni
walisimama na majembe wakimngoja aseme: "Sasa."

Mimi niliingia Ibra kutoka Unguja na sanduku la mbao
na Kiarabu cha kuokoteza.
Usiku wa kwanza nikanyoosha kidole: ile pale Kilimia.
Akanisahihisha: Thuraya.
Nikasema mama akiiita Kilimia, kwa kuwa ni ya kulimia.
Akacheka.
Mara ya mwisho kumsikia akicheka siikumbuki;
ya kwanza ilikuwa hiyo.

Kisha barabara. Kisha taa za barabara,
shingo ndefu, mwanga wa rangi ya chungwa bovu,
zikazifuta nyota kuanzia chini,
palepale jabalini alipokuwa akizisomea.

Wenye hisa wakakutana sablani, wakakubaliana:
zamu kwa saa ya mkononi, ratiba kwenye simu,
lango afungue Jalali, kijana wa Chitagongi,
mwenye adabu, asiyechelewa hata dakika.
Hawakumfukuza Ami. Walimwekea mto,
wakammiminia kahawa, wakamwita shekhe wa nyota.
Ni hilo, nadhani, lililomchoma.

Nadhira bintiye akarudi kutoka chuoni na daftari:
"Baba, nitajie zote, na mahali pa kila moja, niandike."
"Nyota haiandikwi.
Wala haisomwi na mwanamke
anayeendesha gari peke yake hadi Maskati."
Nadhira akalifunga daftari taratibu.
Lilikuwa jipya; nilisikia mgongo wake ukilia.

Yeye akashikilia saa yake ya juu.
Zamu yake ilipofika kwa simu, aliketi, hakufungua:
Dabarani haijapanda.
Ilipopanda, kama ilipanda,
nani angeiona katika mwanga ule,
maji yalikwishahamia kwa jirani.
Nikamwambia: Ami, wenzio wanamwagilia.
Akasema: wanaiba.

Mwaka wa kwanza ilikauka milimau.
Wa pili, ule mkhalasi alioupanda alipozaliwa Nadhira
uliachia makuti yake yakaning'inia
kama mikono ya mtu aliyechoka kuomba.
Jalali, bila kumwambia mtu, akawa anakuja usiku
na ndoo, mbili, tatu, anaumwagia shinani.
Ami akamkuta. Hakupiga kelele.
Aliyafukia yale matope kwa nyayo zake mwenyewe,
mzee wa miaka sabini na kitu, akikanyaga, akikanyaga:
"Si wakati wake."

Juni alitoka na mfuko wa mawe.
Akavunja taa tatu.
Polisi walimrudisha kwa heshima,
mmoja amembebea viatu.
Wiki haikuisha, manispaa ikazitengeneza,
na mwanga wake safari hii ulikuwa mweupe zaidi.

Agosti, alfajiri za kumngoja Suheli,
akapanda jabali kulitafuta giza.
Hakuchukua maji. Hakuchukua simu
ambayo Nadhira alikuwa akimtilia mfukoni kila Ijumaa
na yeye kuitoa kila Jumamosi.
Tulimwona siku ya pili, kivulini mwa mwamba
ambao kivuli chake kilikwishamhama.
Alikuwa ametazama kusini.
Sijui kama alimwona.

Falaji haikusimama. Siku ya matanga
simu zililia mifukoni mwa waombolezaji,
mmoja akanyanyuka, akaomba radhi: zamu yake.
Hakuna aliyemlaumu. Hata mimi.

Juzi Nadhira kaja na lile daftari.
"Wewe uliketi naye miaka yote hiyo. Nitajie."
Nikatafuta. Nikafumba macho nikatafuta.
Nilikuwa nimezizoea kama mtu anavyoizoea dari.
Nikampa moja tu, na hiyo kwa jina la mama yangu.
Akauliza herufi zake.
Akaandika: Kilimia.